Siku Mashine Ilipomsalimia Dada Yangu

Nilikuwa mtangazaji wa redio mjini Kitui kwa miaka kumi na mmoja, na niseme mapema kwamba nilikuwa hodari. Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, vyumba vitatu juu ya duka la mabati na misumari, na tulitangaza kwa Kikamba tangu alfajiri. Nilisoma habari, nikasoma matangazo ya vifo, nikapokea simu za salamu, na katikati ya hayo yote nikasoma matangazo ya biashara. Watu hawakuijua sura yangu ila sauti waliijua. Ningeuliza bei ya ndengu sokoni, mama aliyenipa kisogo angegeuka na kupiga kelele, "Ni wewe!" halafu aniongezee kikombe kizima bure. Nilipenda sana kutambuliwa hivyo, na sitajisingizia unyenyekevu leo.

Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu. Dada yangu alinizidi miaka kumi na minne, na mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea, kule nyumbani Migwani. Aliacha shule akiwa darasa la tano. Mimi nilisoma mpaka chuo. Baadaye aliolewa Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, na hata mumewe alipokufa hakurudi nyumbani. Alibaki hapo akiuza machungwa na maembe kwa abiria wa mabasi. Alikuwa na mdomo mkali na kicheko kikubwa, na ukimletea masihara kuhusu bei alikurudishia chenji yako pamoja na maneno. Hakuniita kwa jina. Aliniita mwiitu wa mwaitu, yaani binti wa mama yetu, hata akiwa amenikasirikia.

Alikuwa na sukari. Kwa miaka tisa alijichoma sindano asubuhi na jioni, na alikuwa akiniambia tumbo lake sasa lina matundu mengi kuliko chujio la chai. Kambu ni joto, na yeye hakuwa na friji. Chupa aliyokuwa akiitumia aliiweka ndani ya chungu kidogo alichokifukia kwenye mchanga aliounyunyizia maji. Zile za akiba aliziweka kwa jirani yake wa ng'ambo ya barabara, mwanamke Mwislamu ambaye wazazi wake walihamia hapo kutoka upande wa Garissa, mwenye duka la jumla. Dawa ya dada yangu ilikaa kwenye friji ya duka, nyuma ya soda na maziwa, ndani ya kopo la siagi. Wanawake hao wawili walitaniana kila siku. Mwenye duka alisema siku moja atamuuzia mteja insulini badala ya soda, na dada yangu alijibu kwamba mteja huyo angeokoka.

Mimi nilimnunulia mashine ya kupimia, ile ndogo ya kutoboa kidole na kuweka tone la damu kwenye kijikaratasi. Nilimfundisha mwenyewe. Ukiona namba hizi uko sawa, ukiona hizi umekula vibaya, ukiona hizi nenda hospitali. Aliandika kwa kalamu kwenye ukuta wa jikoni, kwa mwandiko wake wa darasa la tano.

Sasa nimfikie yule mtu wa dawa.

Alikuja studio asubuhi, viatu vimeng'aa, na hiyo peke yake ingetosha kunishtua, kwa kuwa Kitui wakati wa kiangazi hakuna kiatu kinachofika saa tatu kikiwa kinang'aa isipokuwa cha mtu aliyekipangusa mlangoni. Alijiita daktari. Hakuna aliyemwuliza ni daktari wa nini. Alisema ana kliniki Sultan Hamud, na kwamba anatafuta sauti ya kuaminika. Alikuwa na chupa ya unga wa rangi ya kahawia iliyochorwa majani, na karatasi moja iliyopigwa chapa kwa Kiswahili. Karatasi hiyo ilitaja sukari, presha, vidonda vya tumbo, viungo, nguvu za kiume, na mwishoni kabisa, mikosi.

"Mikosi nayo inanyweka vijiko vingapi?" nilimwuliza.

Akacheka vizuri sana. "Madam, hiyo ni ya kuvutia tu wasikilizaji. Kama hutaki, toa."

Nikatoa mikosi. Hapo nikajiona nimefanya kazi yangu ya kuchunguza. Mengine niliyaacha, ingawa niliyaona yote, na hilo ndilo linalonichoma. Niliona kwamba unga mmoja hauwezi kuponya tumbo na magoti na damu. Niliona pale palipoandikwa kwamba mahospitali hayapendi watu waijue dawa hii. Niliona pale palipoandikwa kwamba anayeitumia asijipime kwa wiki sita, kwa sababu mashine huchanganyikiwa. Nikajiuliza, dawa gani inaogopa kupimwa? Nilijiuliza swali hilo kwa maneno hayo hayo, nikiwa nimeshika karatasi, kisha nikaomba chai.

Mkubwa wetu wa kituo alisema, "Sisi si wizara ya afya. Sisi tunasoma." Matangazo ya namna hiyo ndiyo yaliyotulipa, na mishahara ya miezi miwili ilikuwa imechelewa. Lakini sitaki kujificha nyuma ya mshahara. Ningeweza kukataa, na mkubwa angelalamika wiki moja halafu amalize. Alikuwa mtu mwoga kuliko mimi.

Halafu kulikuwa na lile neno. Karatasi ilisema kwamba dawa "hupoza sukari mwilini". Ilikuwa juu yangu kuitafsiri. Kikamba kina neno kuvoa. Maumivu yakitulia, tunasema kuvoa. Moto ukififia, ni hilo. Mgonjwa akipona kabisa, akachukua jembe lake akaenda shamba, ni hilo hilo. Kiswahili kinatofautisha kupoa na kupona, herufi moja tu katikati, lakini ni herufi ambayo mtu anaweza kufa kwayo. Kwetu hakuna herufi ya kuzuia. Ningeweza kuzunguka, nikasema sukari itatulia kidogo, uendelee na dawa za hospitali. Nilijaribu. Tangazo lilitakiwa liishe kwa nusu dakika, na maneno yalizidi. Tena hayakuwa na ladha. Nikasema, chukua unga huu, sukari itavoa. Ilitoka vizuri mdomoni. Nikaivuta ile herufi ya mwisho kidogo, kama nilivyozoea kufanya kwenye salamu.

Yule mtu, ambaye naye alikuwa Mkamba, aliinua kidole. "Hapo hapo, madam. Usibadilishe kitu."

Alikuja pia na shahidi. Mzee wa makamo, kofia mkononi, aliyetakiwa kusema kwamba yeye ni mkulima wa Migwani, kwamba aliugua sukari miaka mingi, na kwamba sasa ametupa sindano chooni. Alipofungua mdomo nilijua kwamba hajawahi hata kulala Migwani. Kikamba chake kilikuwa cha upande wa Machakos, na mtu wa kwetu hasemi hivyo hata akiwa amelewa. Zaidi ya hayo nilimkumbuka. Miezi minne nyuma alikaa kwenye kiti hicho hicho akitangaza mafuta ya kuchua, na wakati huo alikuwa mtu aliyetambaa kwa magoti hadi siku alipoyapata.

"Mzee, magoti yanaendeleaje?" nilimwuliza kabla hatujaanza kurekodi.

"Magoti yaliisha," akasema. "Sai ni sukari."

Tulicheka sote watatu. Nilicheka mpaka nikapangusa machozi, kisha nikabonyeza kitufe cha kurekodi.

Mnaweza kuuliza kama sikumfikiria dada yangu. Sikumfikiria. Nilidhani mawimbi yetu yanafia Mutomo huko, hayafiki Kambu. Na hata kama nisingedhani hivyo, wasikilizaji kwangu walikuwa ni watu wengine, watu wa huko, wajinga kidogo, ambao nilikuwa nawapenda kwa jumla. Sikuwa nimewahi kumweka mtu wangu hata mmoja miongoni mwao.

Dada yangu na mimi tulizungumza kila Jumapili baada ya kanisa. Jumapili moja alikuwa na furaha isiyo ya kawaida.

"Mwiitu wa mwaitu, hii mashine yako siku hizi imeshika adabu."

"Imefanya nini?"

"Imewacha maneno ya namba. Nilipima leo kuiona tu. Nikiweka damu inaniambia hi."

"Inakuambia nini?"

"Hi! Si mnasema hivyo nyinyi wasomi mkikutana? Echi na ai. Nayo nimeiambia hi, habari yako."

Nilicheka. Nilikuwa napika, simu iko begani, nikacheka mpaka nikamwaga maji. Nikamwambia aiulize na watoto wake hawajambo. Akaniambia pia kwamba amepungua, sketi zake zote zinamwanguka, na mimi nikampa hongera kwa sababu alikuwa mnene na daktari alikuwa akimgombeza. Akasema kreti ya machungwa ilimwangukia kidole cha mguu lakini hakuumia sana. Akasema joto limezidi, anakunywa maji mtungi mzima na haridhiki. Yote hayo aliniambia kwa simu moja, na mimi niliyapokea moja moja na kuyajibu moja moja, kwa utani. Nimeyarudia maongezi hayo mara nyingi mno. Hakunificha chochote isipokuwa unga.

Wiki mbili baadaye simu ikaita kwa namba nisiyoijua. Alikuwa mwenye duka wa Kambu.

"Dada, samahani nakusumbua kazini. Dada yako aliniwachia namba yako kitambo, akasema ni ya siku mbaya. Sijui kama leo ni siku mbaya."

"Kuna nini, mama?"

"Chupa zake ziko tu kwa friji. Zile zile. Nimehesabu, hakuna yenye imetoka tangu mwezi mwingine. Nikimwuliza ananiambia ameachana na sindano, amepona. Mimi si daktari. Lakini mamangu alikuwa na sukari, na wallahi sikuona ikiisha. Ilimngoja mpaka kaburini."

Nilimwuliza kama dada yangu amemwambia amepona kwa dawa gani. Alikuwa mwanamke wa heshima, na nadhani alikuwa anatafuta jinsi ya kulisema bila kunivunjia heshima.

"Anasema ni wewe ulimwambia," akasema.

Nilifika Kambu kesho yake mchana. Dada yangu alikuwa amekaa nyuma ya machungwa yake kama kawaida, leso imefunika mguu wa kushoto hadi chini. Uso ulikuwa umeingia ndani. Aliponiona alipiga vigelegele, abiria wakageuka kuangalia. Nilipoinama kumkumbatia nikasikia harufu, na harufu ile niliitambua kabla sijajikubalia kwamba nimeitambua.

"Mbona hukusema unakuja? Ningechinja hata kuku ya jirani."

"Fungua mguu."

"Kaa kwanza."

"Fungua mguu, tafadhali."

Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Si vya kuchubuka, vyeusi kabisa, na cha tatu kilikuwa kinaanza. Aliniambia havimuumi. Aliniambia alimpigia simu daktari wa Sultan Hamud, naye daktari akamweleza kuwa huo weusi ni uchafu wa miaka tisa unaotoka, na kwamba ukizidi ajue dawa inafanya kazi. Nilisimama hapo barabarani na kuelewa jinsi mlango ule ulivyofungwa. Angepata nafuu, ni dawa. Angezidiwa, ni dawa. Hakuna kitu ambacho mguu ule ungeweza kufanya ili uaminiwe.

Chupa ya unga ilikuwa jikoni, juu ya meza, imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma, kile alichokuwa akikitumia kwa picha ya mumewe.

"Nilitaka nikushangaze," akasema. "Nilisema nimalize wiki sita, halafu nikuje huko Kitui na miguu yangu nikuambie asante. Yule jamaa anauza mihogo hapa kando yangu ana redio kubwa, inashika kila kitu. Tulikuwa hapa naye, nikakusikia. Nikamwambia, huyo ni mtoto wangu."

Halafu akalisema tangazo. Alilisema lote, kwa sauti yangu, na mvuto wa ile herufi ya mwisho. Alikuwa fundi wa kuigiza watu tangu tukiwa wadogo, na aliniigiza vizuri kuliko nilivyotaka kusikia.

Nilimfokea. Nina hasira za karibu, hilo anayenijua analijua, na siku hiyo sikubakisha. Nilimwambia dawa ni uongo, yule mtu ni mwongo, mimi ni mwongo. Alinisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Wewe uliongea mbele ya watu wote," akasema. "Kama ilikuwa uongo, si mtu angekukataza? Sasa unakuja kuniambia ingine hapa jikoni, sisi wawili tu. Niamini gani?"

Nilikuwa nimetumia miaka kumi na mmoja kumfundisha yeye na wengine wote kwamba kinachosemwa redioni kina uzito kuliko kinachosemwa jikoni.

Aliyetusaidia ni mwenye duka. Alivuka barabara akiwa na chupa moja ya insulini mkononi, bado ina ubaridi na ukungu juu yake. Hakubishana na mtu. Aliomba mashine, akamshika dada yangu kidole, akatoboa. Tukangoja. Mashine ikaandika herufi zake mbili.

"Umeona?" dada yangu akasema. "Inasalimia."

Mwenye duka aliiweka mashine mezani polepole. "Mama, hiyo si salamu. Mamangu alikuwa na kama hii. Ni kusema imepanda mpaka mashine imeshindwa kuhesabu. Hiyo ni juu, ya Kiingereza. Wamekata neno."

Dada yangu alinitazama mimi, msomi wake, ili nikanushe. Mimi niliyesoma Kiingereza hadi chuo, niliyesikia herufi hizo kwenye simu, echi na ai, nikamwaga maji kwa kicheko. Nikamwambia ni kweli. Hakulia. Alisema tu, "Na mimi nilikuwa naijibu," akavuta leso akafunika mguu.

Alikaa hospitali siku kumi na tisa. Walimkata mguu chini ya goti, halafu juu ya goti, na bado sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Wahudumu walikuwa wapole. Mmoja wao aliniuliza kwa nini mgonjwa aliacha sindano, akiwa ameshika kalamu aandike, na mimi nikasema sijui. Sijui niliogopa nini, maana hakuna ambaye angenifunga.

Siku za mwisho akili yake iliingia na kutoka. Ilipoingia alikuwa yule yule, anawatania wauguzi kuwa mguu wake wameula. Asubuhi moja aliniita nisogee.

"Yule mzee wa Migwani," akasema.

"Yupi?"

"Yule wa redio. Alitupa sindano kwa choo. Si ni wa kwetu? Umeskia kama yuko sawa?"

Nilimnyooshea shuka.

"Labda hata yeye mashine inamsalimia na hajui," akasema. "Pengine hana mtu wa kumwambia. Mtafute, mwiitu wa mwaitu. Mwambie arudie sindano. Usimfokee vile ulinifokea."

Alikuwa amelala pale bila mguu, anamhofia mtu ambaye hayupo, ambaye miezi minne kabla ya tangazo la sukari alikuwa na magoti mabovu. Ningemwambia ukweli. Nilifungua mdomo niseme, nikaona kwamba ningemnyang'anya hata hicho, kile kitu kimoja alichobaki nacho cha kumtendea mwenzake. Nikasema nitamtafuta. Akaniuliza kama naahidi, nikaahidi. Alifariki siku iliyofuata kabla ya chai ya saa nne.

Tulimzika Migwani, karibu na mama. Tangazo lake la kifo nilimwachia mwenzangu alisome, kwa kuwa sauti yangu sikuitaka karibu naye. Wanawake wawili walinijia baada ya mazishi wakanishika mikono kwa huruma. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama ule unga unapatikana pia Mwingi au ni lazima afike Sultan Hamud.

Nilimpigia yule mtu wa dawa. Alipokea upesi.

"Pole sana, madam. Pole kwa familia. Lakini tuelewane. Mimi niliandika kupoza. Nenda uangalie karatasi. Hiyo ya kuvoa ni lugha yako wewe."

Niliangalia. Karatasi ninayo hata sasa. Imeandikwa kupoza. Baada ya siku hiyo simu yake haikupatikana tena, na Sultan Hamud hakuna aliyewahi kuiona kliniki yoyote, ila kibanda kimoja kilichokuwa kikiuza vocha.

Jumatatu nilirudi kazini. Mkubwa aliniambia nipumzike, nikamwambia nimepumzika. Kipindi cha salamu kilipoanza sikupiga muziki. Nilisema nina ujumbe kwa mzee wa Migwani aliyetupa sindano, na kwa yeyote aliye kama yeye. Nikasema lile tangazo lilikuwa uongo na nililijua ni uongo nilipolisoma. Nikaeleza kuhusu shahidi wa magoti. Nikaeleza neno kuvoa lilivyoingia. Nikaeleza herufi mbili za mashine, na nikasema dada yangu amezikwa. Nilisema yote hayo bila kuvuta herufi yoyote. Kupitia kioo nilimwona mkubwa amesimama mlangoni, mikono kichwani, lakini hakuingia.

Simu zikaanza. Wa kwanza alinipa pole. Wa pili, mwanamume, aliuliza ni kampuni gani pinzani imeninunua. Wa tatu alitaka wimbo. Wa nne alikuwa mwanamke mzee, sauti yake ya mtu asiye na meno ya mbele, na aliongea taratibu sana.

"Nimekusikia, mwanangu. Pole kwa dada. Mimi nilichukua ule unga vile ulisema, na nimevoa."

"Mama, umeacha sindano?"

"Kitambo. Tangu mvua."

"Unasikia kiu?"

"Nani hasikii kiu na hili jua?"

"Na miguu, mama? Miguu inakuuma?"

"Hata kidogo! Hiyo ndiyo nakuambia. Juzi nilikanyaga mwiba mrefu hivi, sikusikia. Mjukuu ndiye aliuona, umetokea juu."

Simu ya studio ilikuwa ile ya mezani ya zamani, haionyeshi namba ya anayepiga. Nilimwomba asikate. Nilimwambia aniambie yuko wapi, hata soko tu lililo karibu, hata jina la shule au la kanisa, nitakuja leo hii hii nimpeleke hospitali mwenyewe. Nilikuwa nimeshasimama na nyaya za sikioni zimenivuta.

Akacheka, kicheko kizuri cha nyanya. Akaniambia kwamba nina huzuni na Mungu atanifariji. "Lakini sauti yako leo si ile," akasema. "Ile siku ingine uliongea na roho safi. Leo unaongea kama mtu amelazimishwa. Na mtu akiuliza uko wapi kwa haraka hivyo, huyo si wa kuambiwa. Watu siku hizi ni wabaya, mwanangu. Mimi ni mzee lakini si mjinga."

Akanitakia siku njema, akakata.